Seva imezeeka: tuhamishie kila kitu kwenye wingu?

SWALI: Ofisi yetu ina watu tisa. Seva yetu imechoka, na programu ya uhasibu tunayoitegemea inatumia Windows tu, hifadhidata yake ikiwa humo humo kwenye seva. Muuzaji anatushauri tuhamie kwenye wingu kwa mkupuo mmoja, kila mfanyakazi apewe kompyuta pepe. Tukubali?

JIBU: Kuhama, hameni. Kumpa kila mtu kompyuta pepe, sioni sababu.

Kompyuta pepe ni Windows inayoendeshwa kwenye kituo cha data. Mezani kwenu inafika picha ya skrini tu. Kutoka kwenu zinakwenda herufi mnazobonyeza na mibofyo ya kipanya. Ndiyo maana laptopu ikiibwa, hesabu za ofisi haziendi nayo. Ni faida kubwa, ila anayeshinda kwenye barua pepe na nyaraka haihitaji: kazi yake inafunguka kwenye kivinjari chochote. Anzeni na hao. Kompyuta pepe walipieni wanaogusa programu ya uhasibu.

Hapo kwenye uhasibu ndipo wengi huumia. Programu na hifadhidata yake zihame pamoja. Msikubali moja iende wingu na nyingine ibaki ofisini. Programu nyingi za zamani huiuliza hifadhidata maswali madogo madogo, moja baada ya jingine, na kila mara husubiri jibu. Tuseme ripoti ya mwisho wa mwezi ina maswali 2,000. Ndani ya mtandao wa ofisi, kwenda na kurudi ni kama milisekunde 1, kwa hiyo ripoti inatoka kwa sekunde 2. Mkizitenganisha kwa umbali wa milisekunde 80, maswali yale yale yanakula sekunde 160. Na msidanganywe kwamba dawa ni kununua intaneti ya kasi zaidi. Kinachowachelewesha ni safari, si wingi wa data.

Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kutia saini ombeni kompyuta pepe moja ya majaribio, mhasibu aitumie mezani kwake saa ambazo ofisi nzima iko mtandaoni. Safari ikiwa chini ya milisekunde 100, kazi huenda vizuri. Ikifika 200, mtu anaandika tarakimu na kuisubiri itokee, na hapo makosa ya kuingiza namba huongezeka. Jaribuni pia printa na skana zenu. Skana hasa husumbua.

Kuhusu bili, ulizeni kama ni kwa mwezi au kwa saa. Ya kwa saa ina mtego: kwenye Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, mashine mliyoizima kutoka ndani ya Windows yenyewe inaendelea kutozwa, hadi muisimamishe kwenye ukurasa wa usimamizi au muweke ratiba ya kuizima.

Usalama siufanyii mjadala. Uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri, kisha uthibitisho wa pili, kama namba ya siri kwenye simu) kwa kila mtu, na mlango wa 3389, ule wa mtandao ambao Windows huutumia kuingiwa kwa mbali, usiachwe wazi kwenye intaneti hata siku moja, maana wavamizi huutafuta mchana na usiku. Nakala za akiba bado ni jukumu lenu. Jaribuni kurejesha faili moja, mwone kama kweli inarudi.

Seva ya zamani msiiuze bado. Fungeni kwanza hesabu za mwezi mzima upande mpya, mlinganishe salio za kila akaunti na za upande wa zamani.