Anzia zahanati, siyo duka la dawa

Dada, umeuliza: wewe unabangua korosho Mtwara, mdogo wako yuko bweni Ruangwa, mlipuko wa ugonjwa ukitangazwa mtu mwenye homa aanzie wapi?

Aanzie zahanati ya karibu. Sisi wa Kusini tuna tabia ya kumeza dawa ya malaria kwanza, tungoje. Kumbuka Julai 2022 hapo hapo Ruangwa: watu walipata homa, kichwa, wakatokwa damu puani. Wengi wangesema malaria. Ikathibitishwa ni homa ya mgunda, inayobebwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Hadi inatangazwa, wagonjwa walikuwa 20 na watatu wameshafariki.

Kama zahanati ni mbali, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure. Mdogo wako asijifiche bwenini kwa kuogopa kutengwa. Amwambie matroni au mwalimu wa afya siku hiyo hiyo. Kama ni kuharisha maji maji, aanze kunywa ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, palepale huku usafiri unatafutwa.

Wewe sasa, ukiugua ukakosa kazi: chukua karatasi ya daktari, usimpe msimamizi maneno matupu. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mwajiriwa aliyetimiza miezi 6 likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, zilizobaki nusu. Kibarua wa kutwa ndiyo mtihani, hapo mara nyingi ni kuelewana na bosi tu.