Giaboksi ya 2L kwenye Hilux ya 3L

Umeuliza kama giaboksi ya 2L itaingia kwenye Hilux yako ya 3L: inaingia, mkuu. 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja wa injini za dizeli za Toyota, matundu ya boliti kule nyuma yanafanana, kwa hiyo hiyo giaboksi ya 2L uliyoiona Tabora mjini itakaa kwenye 3L yako bila kutoboa kitu. Giaboksi ya 22R, injini ya petroli ya Toyota, iache hata wakikupunguzia bei: ganda lake la mbele halikutani na injini ya dizeli. Hapa Urambo pikapu za wakulima wa tumbaku ndizo zinatulisha gereji, giaboksi hizi tunazishusha sana.

Ila kama gari yako ni 4WD (inavuta magurudumu yote manne), giaboksi ya 2WD (ya magurudumu mawili) haikufai, mkia wake haupokei transfa, lile boksi linalogawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nenda dukani na klachi pleti yako, ivishe kwenye shafti ya mbele ya giaboksi: ikiteleza bila kulazimishwa, meno yanalingana. Na giaboksi ikishakuwa chini, weka beringi mpya ya klachi na oili sili ya nyuma ya injini, ile pete inayozuia oili isivuje. Fundi akikwambia sili "bado nzima", usimsikilize, maana ikivuja baadaye mnashusha kila kitu upya.