Maswali ya Wasomaji: Mcheza gofu akihamia LIV

Swali: Hapa Mwaloni ubishi hauishi. Wacheza gofu walioiacha PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa wa Marekani, wakaenda kwa mpinzani wake LIV wanalipwa hata wakifungwa, kama wachezaji wa mpira, au mpaka washinde? (Msomaji, Kirumba, Mwanza)

Jibu: Kuna mafungu mawili, na nyie mnayachanganya. La kwanza ni fedha ya usajili, inayotoka kwa Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia. Nyota akishasaini, hiyo ni yake hata akicheza ovyo. Viwango vyake kwa kawaida havitangazwi, kwa hiyo tarakimu za mitandaoni msiziwekee dau.

La pili ni zawadi. Shindano la kwanza, Juni 2022 nje kidogo ya London, lilikuwa na dola milioni 25: milioni 20 za mchezaji mmoja mmoja, milioni 5 za timu tatu za juu. Charl Schwartzel wa Afrika Kusini alishinda milioni 4, akaongezewa 750,000, ambayo ni robo ya milioni 3 za timu yake. Aliyeshika mkia kati ya wachezaji 48 alipewa 120,000.

PGA Tour haina fedha ya usajili. Kwa kawaida, baada ya mashimo 36 ya Alhamisi na Ijumaa, wanabaki 65 wa juu pamoja na waliolingana nao alama. Aliyechujwa ni mvuvi aliyerudi na nyavu tupu: mafuta yameshaungua na vibarua wanadai. Hoteli, nauli na malipo ya kedi, yaani mbeba mkoba wake wa fimbo, ni juu yake.

Swali: Kama fedha ni nyingi hivyo, mbona wengine waligoma kuhama? (Msomaji, Nyegezi)

Jibu: Kwa sababu ya adhabu, na zaidi kwa sababu ya pointi. Siku LIV ilipoanza, PGA Tour iliwasimamisha wanachama wake 17. Lakini mashindano manne makubwa kuliko yote ya gofu si mali yake, kwa hiyo adhabu hiyo haikuyafunga. Hata PGA Championship, jina lisiwapoteze, ni ya chama kingine. Brooks Koepka aliwahi kushinda shindano hilo mwaka 2018, na bingwa wake hupata nafasi ya kudumu. Akaingia tena Mei 2023 akiwa mtu wa LIV, na kombe akalibeba.

Kijana asiye na kombe hutegemea orodha ya ubora wa dunia. Masters, moja ya hayo manne, huwaalika 50 wa juu wa mwisho wa mwaka. Pointi huhesabiwa kwa miaka miwili, na kila pointi huanza kupungua thamani baada ya wiki 13. LIV iliomba mashindano yake yatoe pointi, ikakataliwa Oktoba 2023, hasa kwa kuwa njia za kuingia na kushuka humo zilikuwa finyu mno. Wakati huo mchezaji wa LIV aliweza kupiga vizuri kila wiki na bado akaporomoka kwenye orodha. Kwa maoni yetu, mkataba ule ulimfaa mwenye makombe kabatini.

Swali: Tuliopo Musoma tunaweza kushuhudia gofu ya kulipwa bila kupanda ndege? (Msomaji, Musoma)

Jibu: Kenya Open, Nairobi, iliyomo kwenye kalenda ya DP World Tour, mfululizo wa mashindano wenye asili ya Ulaya. Pandeni basi la kupitia Sirari mkiwa na hati za kusafiria. Lee Westwood na Ian Poulter msiwatarajie: walijiuzulu uanachama wa DP World Tour Mei 2023, baada ya kupigwa faini kwa kucheza LIV bila ruhusa.