Kung'aa si kufa: maswali yenu kuhusu polima za kuua bakteria

Swali: Nimechanganya bakteria na polima inayong'aa (molekuli ndefu kama mnyororo), na kwenye hadubini wote wanawaka. Niandike kwamba wamekufa?

Jibu: Usiandike, na ningeshukuru swali hili lisirudi tena. Polima hizi zina chaji chanya na utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo hunatana hata bakteria akiwa mzima wa afya. Anayetaka kujua waliokufa huzimua sampuli mara kumi kumi, akaipaka kwenye sahani za agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, akaiacha usiku kucha katika nyuzijoto 37, na asubuhi akahesabu koloni, yaani madoa ya bakteria walioota. Sahani ziwe nne: polima na mwanga, polima gizani, mwanga bila polima, na ile isiyoguswa na chochote. Hata hapo jihadhari, kwa kuwa polima huwakusanya bakteria mafungu mafungu, na fungu zima likiota hutoa koloni moja, nawe ukashangilia mauaji ambayo hayakutokea.

Swali: Mwanga una kazi gani?

Jibu: Polima humeza mwanga, ikarudisha sehemu ya nishati kama mng'ao na nyingine ikaipa oksijeni iliyo jirani, ambayo hugeuka kali na kuunguza utando. Kwa kuwa oksijeni hiyo hudumu majini mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) chache tu, polima isiyomgusa bakteria haimdhuru kwa njia hiyo. Mng'ao na mauaji hugombania nishati ile ile, ndiyo maana sivutiwi na picha zinazometa sana.

Swali: Je, hii ndiyo auramini ya kupimia makohozi ya kifua kikuu?

Jibu: Siyo. Auramini ni rangi tu, nayo hupakwa kwenye kioo ambacho bakteria wake wamekwisha kukaushwa kwa moto.

Swali: Naweza kuipaka polima hii kwenye kidonda, maana nasikia bakteria hawawezi kuizoea?

Jibu: Usipake. Chaji ile ile inayopasua bakteria inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, na mwanga wa bluu hauvuki milimita chache za nyama. Kuhusu usugu, polima nyingi kati ya hizi hubeba vikundi vya amoniamu, yaani sehemu zenye chaji chanya, vilivyo ndugu wa benzalkoniamu ya dawa za kusafishia sakafu, na tayari wako bakteria wa Staphylococcus aureus wenye pampu za kuitema benzalkoniamu hiyo. Pampu hizo huenda zisiweze kutema polima kubwa, lakini hilo hupimwa kizazi baada ya kizazi, halitangazwi baada ya jaribio la saa moja.