Nyumba ya Kifahari Ilijengwa kwa Fedha Gani?

SWALI: Mhariri, nina shamba dogo la zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne na kila jioni hutazama filamu, za kwetu na za nje. Juzi aliniambia kuwa mzazi anayemjali mwanawe angekuwa ameshamnunulia pikipiki, na kwamba kupogoa mizabibu ni kazi ya walioshindwa maisha. Je, filamu ndizo zinazomfundisha haya? Nizikataze?
Mzazi, Mpunguzi

JIBU: Mzazi mwenzangu, pole. Maneno hayo yanauma zaidi yanapotoka kwa mtoto aliyelelewa kwa mazao ya shamba hilo hilo.

Siwezi kuzibebesha filamu lawama yote, lakini nyingi zina kasoro moja ninayoiona nzito: huuonyesha utajiri ukiwa umeshapatikana. Tunaingizwa sebuleni wakati mlinzi ameshafungua geti na gari limeshaegeshwa, naye mwenye nyumba anazungumza kwa simu kuhusu biashara ambayo hatuambiwi ni ipi. Maskini hupewa nguo zilizochanika na wema usio na doa, kisha huokolewa na ndoa, urithi, au baba tajiri anayejitokeza dakika za mwisho. Kijana anayelishwa hadithi hiyo kila jioni huanza kuamini kuwa fedha humfikia mtu kwa sababu anaistahili, na kwamba asipoipata yupo aliyemnyima. Na wa kwanza kushukiwa ni wewe, kwa kuwa ndiye aliye karibu.

Hata hivyo sikushauri uzikataze, kwa sababu zipo filamu zinazouliza swali ambalo nyingine hulikwepa. Katika *Xala* ya mwaka 1975, Ousmane Sembène wa Senegal anatuonyesha mfanyabiashara anayeoa mke wa tatu kwa fahari kubwa, akiamini kuwa uhuru wa nchi umempa haki ya kuishi hivyo. Baadaye tunafahamu kuwa harusi ile ililipiwa kwa fedha ya mchele wa umma aliouuza kwa siri, na kwamba mmoja wa ombaomba anaowafukuza barabarani ni mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu ardhi. Nayo *Parasite* ya Korea Kusini, ya mwaka 2019, haimfanyi tajiri kuwa katili. Inamwonyesha tu mama anayeishukuru mvua kwa kusafisha hewa, wakati mvua hiyo hiyo imekizamisha chumba cha familia inayomtumikia. Nyumba nzuri ya mama huyo tunayoiona haikuwa makazi ya mtu yeyote, bali ilijengwa kwa ajili ya filamu. Mweleze mwanao jambo hilo.

Zitazameni pamoja, maana zote mbili ni za watu wazima, na kila ionekanapo nyumba kubwa muulize ilijengwa kwa fedha gani na nani anaipiga deki. Kisha umpe daftari la shamba. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, basi mpe msimu mmoja aandike mwenyewe gharama ya mbolea, dawa na vibarua, bei mliyouzia kila kilo, na kilichobaki. Pikipiki mtaizungumza mkiwa na daftari hilo mezani, naye akiwa na haki kamili ya kukuhoji kila tarakimu.