Umehamia Malindi? Ingia jumuiya kabla hujaihitaji

Mtu akihamia Malindi huuliza kwanza Misa ni saa ngapi. Anaambiwa, anakuja, anakaa viti vya nyuma, na baraka ya mwisho ikishatolewa anatoka kuwahi tuktuk kabla jua halijawa kali. Anaweza kuishi hivyo miaka na miaka. Kisha siku moja mtoto anatakiwa kubatizwa, au mchumba amepatikana, au msiba umebisha hodi. Anakwenda ofisi ya parokia, na swali la kwanza analokutana nalo ni hili: "Wewe uko jumuiya gani?" Yaani, kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani unachosali nacho mtaani.

Wapo wanaokasirika wakiulizwa hivyo. Wanaona ni urasimu, kwamba kanisa limegeuka ofisi ya chifu. Mimi nilikuja hapa kutoka Voi nikiwa na mtoto mgongoni, mume amepata kazi hotelini, na hatukuwa na ndugu hata mmoja mji huu. Baada ya kubatiza, kuoza na kuzika nikiwa Malindi, naona swali lile ni la haki kabisa. Parokia inataka kujua ni nani atakayesimama nawe.

Ukitazama ukubwa wa jimbo letu utaelewa kwa nini. Jimbo Katoliki la Malindi lilizaliwa mwaka 2000, likakatwa kutoka Jimbo Kuu la Mombasa, na linafika Tana River hadi Lamu. Ni nchi kubwa yenye barabara ndefu na vigango (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia) vilivyotawanyika, na padre mmoja ana vigango vingi vya kuzungukia. Hawezi kumjua kila mtu kwa jina. Anayekujua ni katekista, yaani mwalimu wa dini, na anayemweleza katekista habari zako ni mwenyekiti wa jumuiya. Utaratibu huu si wa Malindi peke yake. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo zitakazokuwa msingi wa parokia, na kwetu huku Pwani hilo limeshika mizizi.

Basi fanya hivi. Jumapili yako ya kwanza, usitoke mbio. Subiri matangazo yaishe, kisha mtafute katekista (mara nyingi utamkuta karibu na mlango wa sakristia, amezungukwa na watu), msalimie "Tumsifu Yesu Kristo," umwambie unakaa mtaa gani. Uwe ni Maweni, Muyeye, Barani au Kisumu Ndogo, atakuelekeza jumuiya iliyo karibu nawe na nyumba watakayokutana wiki ile. Kama parokia uliyotoka ilikupa barua ya utambulisho, mpe. Kama hukuiomba, piga simu uiombe sasa, kwa sababu siku ya ndoa au kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa katika imani) utaitafuta kwa shida.

Jumuiya hukutana nyumba kwa nyumba. Usiogope kwamba kwako ni chumba kimoja. Nakumbuka mkutano wangu wa kwanza, uani kwa mama mmoja wa Kigiriama, mkeka umetandikwa chini ya mwembe na watoto wanafukuzana na kuku pembeni. Nilisimama mlangoni sijui niketi wapi. Yule mama akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja, "Njoo hapa mwanangu, hapa pana upepo." Ikasomwa Injili ya Jumapili iliyokuwa inakuja, kila mmoja akasema neno moja lililomgusa, tukaombea wagonjwa kwa majina, sadaka ikapitishwa kwenye kikapu, kisha zikaja taarifa: nani amejifungua, nani kalazwa, nani hajaonekana na atembelewe. Taarifa hizo ndizo zilizonifanya nirudi. Nilitambua kwamba nikikosekana, kuna mtu atakayeuliza.

Wakati wa Kwaresima mikutano hii hunoga zaidi, maana tunasoma kile kijitabu cha kampeni ya Kwaresima na mjadala huchukua muda kweli, hasa tukifika kwenye mambo ya mashamba na vijana kukosa kazi. Ukitaka kumjua jirani yako, mkute hapo.

Kuhusu vyama, ushauri wangu ni mfupi: chagua kimoja. Mgeni mwenye ari hujiandikisha kwaya, Lejio ya Maria (chama cha sala), chama cha akina mama na kamati ya maendeleo kwa pamoja, na baada ya muda haonekani popote. Na kama wewe ni mtu wa haya, njoo Jumamosi tunapofagia na kupiga deki kanisa. Ufagio hauhitaji ujuane na mtu ndipo uushike, na mkishamaliza kuhamisha mabenchi pamoja mnakuwa mmejuana.

Sasa ubatizo, ambao ndio unaowaleta familia changa wengi. Sheria ya Kanisa inasema mtoto abatizwe katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Huku kwetu watu huchelewesha, na sababu inayoniuma ni sherehe. Mtoto anafikisha miaka mitatu wazazi bado wanatafuta fedha za mahema, keki na mpiga picha. Jamani, sakramenti haidaiwi keki! Mbatize mtoto, mpeleke nyumbani, pikeni mlicho nacho. Na kila mzazi ajue pia kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hufanya linapobatiza anaweza kumbatiza: unamwaga maji kichwani ukisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha unatoa taarifa parokiani ili aandikwe.

Nenda kwa katekista na cheti cha kuzaliwa mkononi. Jina lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na litakaloingia kwenye daftari la ubatizo. Katekista wetu ana tabia ya kumgeuzia mzazi daftari lile kubwa, kidole kikiwa chini ya mstari, na kumwambia asome kwa sauti kabla wino haujakauka. Watu humwona msumbufu. Lakini mstari ule utamfuata mtoto maisha yote: kipaimara chake kitaandikwa ubavuni mwake, ndoa yake vilevile, hata akifungia ndoa Kisumu au Eldoret. Ndiyo maana miaka ishirini baadaye ataambiwa arudi Malindi kuchukua cheti kipya cha ubatizo. Kosa la herufi moja hapo ni safari na gharama.

Msimamizi wa ubatizo asiwe tu rafiki mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Kanisa linataka awe Mkatoliki aliyetimiza miaka kumi na sita, aliyepata komunyo na kipaimara, na anayeishi imani yake. Anatosha mmoja, wakiwa wawili, awe mwanamume na mwanamke. Katika mji kama huu, ambapo nusu ya marafiki zako wa karibu huenda ni Waislamu, au shemeji yako ni mlokole, suala hili linataka hekima. Mkristo wa kanisa lingine aliyebatizwa anaweza kuwa shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki. Rafiki Mwislamu hawezi kushika nafasi hiyo, lakini hakuna anayekuzuia kumketisha benchi la mbele pamoja na familia. Mwambie mapema kwa upendo, asije akasikia siku ile ile.

Na hapa niseme jambo ambalo mgeni kutoka bara huenda asilifikirie. Ukiwa na karamu Malindi, majirani watakuja, na wengi wao hula nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Mwombe jirani Mwislamu akuchinjie mbuzi au kuku wako. Sisi ubatizo wa kitinda mimba wetu alichinja mzee wa nyumba ya pili, na mkewe, bibi wa Kibajuni mwenye mkono wa pilau unaojulikana mtaa mzima, akaja alfajiri na mwiko wake mwenyewe. Alikaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya kahawa, akakataa katakata mtu mwingine asitie bizari. Tuliporudi kutoka Misani makaa yalikuwa yameshawekwa juu ya kifuniko cha sufuria, na harufu imefika barabarani. Wote walikula sinia moja, wa rozari na wa tasbihi. Ukifanya hivi, mnazi na bia zikae mbali na mahali pa chakula, maana ndiyo heshima.

Komunyo ya kwanza na kipaimara sitazisemea sana. Fuata ratiba ya mafundisho, usimtoe mtoto darasani kwa sababu ya tuisheni. Ila kumbuka kipaimara hungoja ziara ya askofu, na askofu ana parokia za mbali. Ukikosa mwaka huu, usidhani utapewa siku nyingine wiki ijayo.

Ndoa ndiyo ninayotaka kuisihi kwa moyo wote. Katika parokia zetu wapo mume na mke wengi waliolipiana mahari, wakazaa, wakakaa kwa amani, lakini hawajafunga ndoa kanisani, na kwa hiyo hawapokei Ekaristi. Wanakuja kila Jumapili, wenzao wakisimama kwenye mstari wa komunyo, wao wanabaki wameketi. Ukiwauliza wanasema wanajipanga. Wanaogopa gharama za ukumbi na suti, na wanaogopa watu watasema nini wakiwaona wazee na mvi zao wanaapishana.

Nilihudhuria ndoa ya wazee wa namna hiyo katika kigango kimoja upande wa Marafa. Ilifungwa ndani ya Misa ya kawaida ya Jumapili. Bibi arusi alivaa leso mpya na blauzi nyeupe, bwana arusi shati aliloshonewa na mwanawe fundi. Watoto wao, watu wazima wenye watoto wao, ndio waliowasindikiza hadi altareni. Mzee alipofika kwenye maneno ya "katika taabu na raha" alinyamaza, akamtazama mkewe, kisha akayasema tena kutoka mwanzo kwa sauti kubwa. Wakati wa komunyo wao walitangulia. Kwaya ilishindwa kuanza wimbo kwa sababu nusu ya waimbaji walikuwa wanalia. Chakula kilikuwa wali, mbaazi za nazi na samaki, na jumuiya ilichanga.

Kama uko katika hali hiyo, mwone padre wiki hii. Utahitaji cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, barua ya parokia yako ya asili kuthibitisha kwamba u huru kuoa au kuolewa, mafundisho ya ndoa, na matangazo ya ndoa kanisani, ambayo kwa desturi husomwa Jumapili tatu. Hakikisha pia mnapata cheti cha ndoa cha serikali chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014; mambo ya urithi na pensheni hukitegemea. Mchumba akiwa Mwislamu, ndoa hiyo inataka ruhusa maalumu inayoombwa kwa askofu, na Mkatoliki huahidi kulinda imani yake na kufanya awezalo watoto wabatizwe. Kaeni na familia zote mbili muyazungumze haya kabla hamjapanga tarehe. Nimeona nyumba zilizovunjika kwa sababu jambo hili lilifichwa mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa.

Mpiga picha naye aongee na padre kabla ya Misa. Inasikitisha kuona wanandoa wameapa huku wamezibwa na migongo ya watu wenye kamera.

Halafu kuna msiba, ambao haumpi mtu muda wa kujiandikisha. Ukikaribia ufuo wa Malindi utaona kikanisa kidogo cha Wareno, kimeezekwa makuti, na makaburi yake kando. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipitia mji huu mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika hapa mtu mmoja aliyefia safarini. Katika barua yake aliandika kwamba Waislamu wa Malindi waliguswa na jinsi Wakristo walivyomzika mwenzao. Hufikiria habari hiyo kila ninapokwenda kwenye maziko. Mtu aliyekufa mbali na kwao alizikwa kwa heshima na waliokuwa naye, na mji wote ukaona.

Ukifiwa, mpigie kwanza mwenyekiti wa jumuiya, hata kama ni usiku. Yeye atamwambia katekista, katekista atapanga na padre, na kabla hujajua cha kufanya uani kwako kutakuwa na mikeka, maji na watu wa kusali rozari kila jioni ya matanga. Waachie wapike. Kaa na wanao. Kama mgonjwa bado yu hai, usingoje: mwite padre ampake mafuta akiwa na fahamu zake, aweze kuungama na kupokea komunyo. Mpako ni sakramenti ya wagonjwa, na wengi wanaupokea wakapata nafuu, ila watu wetu bado wanaogopa kuita padre wakidhani ni kumtabiria mtu kifo.

Ukoo wako wa nyumbani ukiwa na mila zake za hanga, yaani za maombolezo, mweleze padre waziwazi kabla ya siku ya maziko. Mara nyingi kuna nafasi ya yote mawili, Misa ikatangulia na wazee wakafanya yao, mradi mmesikilizana. Na Misa ya kumbukumbu iandikishe mapema kwenye kitabu cha nia ofisini, kinachoandikwa Misa ni ya kumwombea nani, hasa kama unaitaka Novemba, maana mwezi huo wa marehemu nafasi hujaa upesi.