Kinanda cha mjomba kinafaa kundi?

SWALI: Shikamoo Anko, mimi na binamu yangu tupo Ujiji, mjomba katuachia Casio MT-40 ya zamani, tunataka tuwe kundi la wawili tupige disko la utani utani ila wana wanatucheka eti ni toi ya mtoto.

JIBU: Marahaba, waacheni wacheke! Hiyo toi ilitoka 1981, na biti yake ya roki iliyomo humohumo ndo ilizaa wimbo wa rege Sleng Teng kule Jamaika 1985, regge nzima ikageuka ya kidijitali. Wawili mnatosha, kundi la Erasure la Uingereza ni Vince Clarke kwenye sinthesaiza (kinanda cha umeme) na Andy Bell kwenye maiki, basi. Ila kwanza fungueni pa betri, mkikuta unga mweupe wa betri zilizovuja futeni na pamba yenye ndimu, mkaushe kabisa ndo muwashe.